Kompyuta Iliyoharibikiwa Bayosi Haijafa



Baadhi yenu mmetuuliza, kwa simu na pia tulipokutana, juu ya jambo ambalo hapo zamani liliwasibu mafundi peke yao na ambalo siku hizi limeingia majumbani mwetu. Kompyuta inafanya kazi vyema asubuhi. Mchana kijana wa nyumba anaona ujumbe kwamba kuna toleo jipya la bayosi, anabonyeza kukubali, na kabla kazi haijamalizika mtambo unazimika. Tangu hapo ukiwashwa, feni huzunguka na taa huwaka, lakini kioo kinabaki cheusi. Hakuna maandishi, hakuna alama ya kampuni, hakuna hata ule mlio mfupi wa kuanza. Watu wa nyumbani wanatazamana, na neno la kwanza linalotoka ni kwamba kompyuta imekufa.

Tumeona ni wajibu wetu kuliandika jambo hili kwa kirefu, kwa kuwa hasara kubwa tulizozishuhudia katika familia zetu hazikuletwa na bayosi yenyewe. Zililetwa na haraka iliyofuata. Kompyuta imetupwa, au imeachwa dukani kama chakavu, nayo ingali na diski yake nzima ndani. Na ndani ya diski hiyo mna picha za wazee waliokwisha kututangulia mbele ya haki, sauti za watoto wakisoma siku ya kuhitimu chuoni, nakala za vyeti vya ndoa na za karatasi za uhamiaji. Vitu hivyo havikuguswa na ajali ile hata kidogo. Aliyepatwa na maradhi ni mwingine kabisa, naye mara nyingi anatibika.

Ndani ya kila kompyuta mna ubao mkuu, ambao mafundi huuita madabodi, na juu yake vimepachikwa viungo vyote: prosesa, kumbukumbu, matundu ya nyaya. Mahali fulani pembeni hukaa chipu ndogo, aghlabu yenye miguu minane, isiyozidi punje ya muhindi kwa ukubwa. Humo ndimo yalimo maagizo ya kwanza kabisa, na hayo ndiyo bayosi. Umeme unapoingia, prosesa haijui kitu. Haijui kama kuna diski, haijui kama kuna kioo wala kibodi. Huyasoma maagizo ya chipu ile, ikavihesabu viungo vilivyopo na kuvijaribu, kisha ndipo kazi inapokabidhiwa Windows au mfumo mwingine uliomo katika diski. Mfano wake ni yule mzee mwenye funguo za msikiti, ajaye kabla ya alfajiri akafungua milango na kuwasha taa. Siku asipotokea, msikiti haujabomoka na mazulia yote yako mahali pake; ila jamaa wamesimama nje gizani.

Jina la bayosi lilitumiwa kwanza na Mmarekani Gary Kildall, mtungaji wa mfumo wa CP/M, katikati ya miaka ya 1970, nalo likaenea duniani IBM ilipotoa kompyuta yake ya binafsi mwezi Agosti 1981. Katika mitambo ile ya mwanzo maagizo yalikuwa katika chipu isiyoandikika upya juu ya ubao. Aliyetaka toleo jipya ilimbidi aing'oe chipu na kutia nyingine. Katika miaka ya 1990 zikaenea chipu ziwezazo kufutwa na kuandikwa papo hapo, bila ya bisibisi. Ulikuwa wepesi mkubwa. Lakini kitu kinachofutika kwa hiari ya mwenyewe hufutika pia bila ya hiari yake, na dunia iliyaona hayo tarehe 26 Aprili 1999. Siku hiyo kirusi kiitwacho CIH, kilichotungwa na mwanafunzi wa Taiwan, Chen Ing-hau, kiliamka katika kompyuta nyingi, hasa za nchi za Asia, kikaharibu yaliyomo katika diski, na kwa madabodi za aina fulani kikafuta bayosi pia. Wenye mitambo walibonyeza kitufe asubuhi wakakuta kioo cheusi, sawasawa na kile wanachokiona leo jamaa zetu. Tofauti ni kwamba siku ile mvamizi alitoka nje; leo aghlabu mkono ni wa kwetu na nia ilikuwa njema.

(Mitambo ya leo, kwa kusema kweli, haitumii tena bayosi ile ya asili bali mrithi wake aitwaye UEFI, ambaye tangu mwaka 2005 husimamiwa na umoja wa makampuni. Mafundi wameendelea kumwita kwa jina la marehemu, nasi tutafuata ulimi wao.)

Je, kuna haja ya kuigusa bayosi? Rai yetu ni kwamba kwa kompyuta inayofanya kazi vyema, isiyolalamika, mara nyingi hakuna. Bayosi si kama programu ya simu inayosasishwa kila wiki. Lakini hatutaki kuwatia watu woga usio na msingi, kwani zipo sababu za kweli. Mwezi Agosti 2024, kwa mfano, Intel ilitoa marekebisho kwa prosesa zake za kizazi cha 13 na cha 14 za kompyuta za mezani, ambazo zilikuwa zikipokea volti kupita kiasi na kuchakaa kabla ya wakati. Dawa ile ilipatikana kwa njia ya bayosi mpya, na aliyechelewa aliendelea kuiharibu prosesa yake bila kujua. Vilevile, anayenunua prosesa mpya na kuipachika katika madabodi ya zamani huenda asipate hata kuiwasha mpaka bayosi isasishwe. Mwaka 2018 AMD ilifikia hata kuwaazima wateja prosesa ya muda ili waweze kufanya kazi hiyo. Na tangu msaada wa Windows 10 ulipokoma tarehe 14 Oktoba 2025, familia nyingi zimeingia katika mipangilio ya bayosi kwa mara ya kwanza, zikitafuta namna ya kuiwezesha kompyuta kongwe kupokea Windows 11.

Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Programu huifuta chipu, au sehemu yake, kisha huandika maneno mapya, kisha huyasoma tena kuyahakiki. Hatari iko baina ya kufuta na kuandika. Umeme ukikatika hapo, chipu hubaki nusu ina maneno na nusu ni tupu, na prosesa ikiisoma haipati maana. Sababu ya pili ni faili lisilo lake. Madabodi moja huweza kuwa na matoleo mawili au matatu yenye jina lile lile, yakitofautiana kwa tarakimu ndogo iliyochapwa pembeni mwa ubao, na faili la toleo moja likamdhuru ndugu yake. Mara chache kosa ni la waliotengeneza programu: mwezi Disemba 2017 mfumo wa Ubuntu 17.10 uliondolewa kwa muda katika ukurasa wa kupakua kwa sababu ulikuwa ukiharibu bayosi za baadhi ya laptopu, nyingi kati yao za Lenovo.

Hapa Uingereza tumezoea kusema kwamba umeme haukatiki. Haukatiki mitaani, lakini katika nyumba zetu nyingi unakatika, kwa kuwa tuna mita za kulipia kabla. Salio likiisha, na lile la dharura nalo likaisha, nyumba huzimika bila ya kubisha hodi. Ndivyo ilivyoisibu familia moja ya jumuiya yetu. Baba alikuwa kazini zamu ya usiku. Kijana, ambaye bado yuko sekondari, alitaka kucheza mchezo ambao haukubali kufunguka katika Windows 11 bila ya mipangilio fulani ya usalama; akasoma kwamba bayosi mpya ingemsaidia, akapakua faili sahihi kabisa, akaanza. Ufunguo wa mita ulikuwa juu ya friji, umesahauliwa tangu Alhamisi. Asilimia ilipofika arubaini na kitu, nyumba ikazimika.

Jumatatu mama aliibeba kompyuta hiyo dukani. Alitozwa pauni arubaini za uchunguzi, akaambiwa madabodi imekufa, na gharama ya kuibadilisha inakaribia bei ya kompyuta mpya. Waliyo nayo pale dukani ni ya pauni mia tatu na hamsini, na ile mbovu wataichukua wao bila malipo ili impunguzie mzigo. Hakuna aliyemtajia diski. Alipotupigia simu alikuwa tayari ameitoa nusu ya fedha.

"Jamani, mimi silii kwa ajili ya kompyuta," alituambia. "Humo mna sauti ya mama yangu akiwasimulia wajukuu, na sina nyingine."

Tukamwomba airudishe nyumbani kama ilivyo, na kabla ya kulipa kinachobaki. Mmoja katika kamati yetu, ambaye ni fundi kwa kazi yake, aliigeuza kompyuta ile ya mezani akatazama nyuma yake, akakuta kitufe kidogo karibu na tundu la USB ambacho hakuna mtu wa nyumba hiyo aliyewahi kukiuliza kazi yake. Faili lilipakuliwa upya katika kompyuta ya maktaba ya mtaa, likatiwa katika flashi, kitufe kikabonyezwa, taa yake ikaanza kupepesa. Dakika saba baadaye taa ikatulia, na kompyuta ikaamka. Haikugharimu hata senti moja. Tumelieleza tukio hilo kwa idhini ya mama huyo. Duka hatulitaji, wala hatusemi kwamba walikusudia ubaya. Huenda ni watu waliozoea kuuza kuliko kutengeneza.

Basi yawapasa nini wanaopatwa na mkasa huu?

La kwanza ni kungoja, nalo ndilo gumu kuliko yote. Kompyuta nyingi zinazodhaniwa zimeharibika hazijaharibika bado. Baada ya kusasishwa, mtambo huweza kuzimika na kuwaka mara mbili au tatu wenyewe, na zile zenye kumbukumbu mpya za DDR5 huweza kukaa na kioo cheusi kwa dakika kadhaa zikiipima kumbukumbu upya. Mwenye papara akang'oa waya hapo, ndiye aliyeiharibu. Sisi tunashauri ipewe nusu saa nzima, saa ikitazamwa ukutani, kwani dakika za hofu ni ndefu kuliko dakika za kweli. Ikiwa nusu saa imepita bila dalili, basi izimwe, waya utolewe, na kwa kompyuta ya mezani betri ndogo ya mviringo iliyo juu ya madabodi ing'olewe kwa dakika tano hivi kisha irudishwe. Jambo hili haliandiki bayosi mpya. Linafuta mipangilio ya zamani tu, ambayo pengine inagombana na toleo jipya lililokwisha kuingia salama. Linasaidia mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Isipoamka, itafutwe njia ya uokozi iliyowekwa na mtengenezaji mwenyewe. Makampuni yanaijua hatari hii tangu zamani. Katika miaka ya 1990 baadhi ya chipu zilikuwa na kipande kidogo cha mwanzo kisichofutwa, ambacho kiliweza kusoma diski ya flopi na kurudisha mengine yote. Gigabyte wakaanza kuweka chipu mbili juu ya ubao mmoja, ya pili ikingoja siku ya maafa. Siku hizi madabodi nyingi za mezani, ingawa si zote, zina kitufe kama kile cha nyumba tuliyoitaja: kwa ASUS kinaitwa FlashBack, kwa MSI ni Flash BIOS, kwa Gigabyte ni Q-Flash Plus. Uzuri wake ni kwamba hakihitaji prosesa wala kumbukumbu. Pawa saplai tu iwe imewashwa na kompyuta yenyewe izimwe. Flashi iwe imeandaliwa kwa mtindo wa FAT32, itiwe katika tundu lile lile lililowekewa alama, si jirani yake, na faili libadilishwe jina kama kitabu cha maelezo kinavyotaka. MSI hutaka liitwe MSI.ROM, Gigabyte hutaka GIGABYTE.bin, na ASUS hutoa programu ndogo ya kulibadilisha. Wengi hukwama hapa. Kitufe kikibonyezwa taa hupepesa mara tatu kisha ikatulia, nao husema kitufe kibovu, ilhali jina la faili ndilo lililokosewa.

Laptopu zina njia zake. Kwa nyingi za HP, mtu huzishika kwa pamoja herufi B na kitufe chenye alama ya Windows, akabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde mbili au tatu, akakiachia huku zile mbili akiendelea kuzishika. Kioo huweza kukaa cheusi kwa muda wa sekunde arubaini kabla ya maandishi ya uokozi kutokea, na wengi huachia katika sekunde ya ishirini. Kwa Dell nyingi za miaka ya karibuni, laptopu ikiwa imezimwa na chaja haimo, hushikwa Ctrl na Esc pamoja, kisha ndipo chaja hutiwa, na vitufe huachiwa ukurasa wa uokozi unapoonekana. Mashine za Apple zenye chipu ya T2, na hizi mpya zenye prosesa za Apple wenyewe, huhuishwa kwa waya wa USB-C kutoka Mac nyingine. Hapo msomaji awe macho, kwani Apple wametoa njia mbili, moja ya kuhuisha ambayo haifuti kitu, na nyingine ya kurejesha upya ambayo hufuta kila kilichomo. Fundi aanze na ya kwanza.

Njia hizo zote zikishindikana, bado chipu ile ya miguu minane iko mkononi mwetu. Fundi mwenye ujuzi huibana kwa kibanio maalumu, au huing'oa kwa hewa ya moto, akaiunganisha na kifaa cha kuandikia chipu na kuijaza maneno mapya moja kwa moja, bila ya kuitegemea kompyuta iliyozimika. Kifaa kinachotumiwa sana, chenye jina la CH341A, ni rahisi mno. Bei yake haifiki ile ya chakula cha watu wawili mkahawani. Kwa hiyo anayeambiwa kwamba kazi hii haiwezekani kwa kukosa mitambo ya kisasa, ajue kwamba aliyemwambia hana nia ya kuifanya au hajawahi kujifunza.

Hata hivyo urahisi wa kifaa usiwahadae vijana wetu wakajitia ufundi usiku mmoja. Chipu nyingi hutaka volti 3.3, lakini laptopu nyingi za miaka ya karibuni zina chipu za volti 1.8, na kuibana hii kwa kifaa cha ile ni kuiunguza. Tena baadhi ya vifaa vyeusi vya CH341A vinavyouzwa kwa wingi hupeleka volti 5 katika nyaya za mawasiliano. Betri ya laptopu ni lazima itenganishwe kwanza. Na kabla ya kuandika chochote, fundi mwaminifu huyasoma yaliyomo katika chipu mara mbili, akalinganisha nakala hizo mbili, akaziweka. Sababu ni kwamba ndani ya chipu hiyo, pamoja na maagizo, mna namba ya kompyuta yenyewe, mna mara nyingi anwani ya kadi ya mtandao, na kwa kompyuta nyingi zilizouzwa na Windows ndani yake mna ufunguo wa leseni. Anayejaza faili la mtandaoni bila kuyahifadhi hayo ataiamsha kompyuta, lakini ataiamsha ikiwa imesahau jina lake. Swali moja linatosha kumjua fundi: "Bwana fundi, utaisoma chipu na kuweka nakala kabla ya kuandika?" Akishangaa, msalimieni kwa wema mwondoke na mzigo wenu.

Tumefika sasa kwenye diski, ambayo ndiyo iliyotufanya tushike kalamu.

Ikiwa fundi ataona gharama ya kutengeneza imezidi thamani ya mtambo, diski itolewe kabla ya kitu chochote kuondoka nyumbani. Katika kompyuta za mezani na laptopu nyingi ni kazi ya bisibisi moja. Hutiwa katika kasha la USB na kufunguliwa katika kompyuta nyingine kama flashi kubwa. Laptopu chache nyembamba zina diski iliyolehemiwa juu ya ubao, na kwa hizo hakuna budi madabodi ifufuliwe kwanza. Lakini lipo jambo ambalo wengi hawalijui mpaka siku ya msiba. Kompyuta nyingi zinazotumia Windows 11 huifunga diski kwa siri, bila ya mwenyewe kuulizwa waziwazi, na ufunguo wake hufungamanishwa na madabodi. Diski hiyo ikihamishwa, au madabodi ikibadilishwa, au hata bayosi ikisasishwa salama, hutokea ukurasa unaodai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Asiye nao, picha zake ziko mbele ya macho yake na hazioni.

Ufunguo huo aghlabu umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya aliyeiwasha kompyuta kwa mara ya kwanza. Na hapa ndipo familia zetu zinaponaswa. Ni nani aliyeiwasha? Pengine ni binamu aliyekuja likizo, kwa anwani ya barua pepe aliyoiacha zamani. Pengine ni mwenye duka. Tunaomba kila nyumba, wiki hii, kompyuta zikiwa nzima, baba au mama aketi na kijana mmoja, waufungue ukurasa wa akaunti, waunakili ufunguo kwa mkono katika karatasi, karatasi hiyo iwekwe pamoja na pasipoti. Na anayekusudia kusasisha bayosi asimamishe kwanza ulinzi huo wa diski kwa muda. Windows inaruhusu, nao hurudishwa kazi ikiisha.

Kuhusu sheria tutasema machache, maana si wanasheria. Sheria ya Haki za Mtumiaji ya mwaka 2015 humpa mnunuzi wa hapa siku 30 za kurudisha bidhaa yenye kasoro na kudai fedha zake, na kwa muda wa miezi sita tangu kununua, kasoro ikidhihiri huhesabiwa kuwa ilikuwepo tangu mwanzo, isipokuwa muuzaji athibitishe vingine. Kifungu cha 46 cha sheria hiyo hiyo kinagusa programu iliyotolewa na mfanyabiashara ikaharibu kifaa cha mteja, ikiwa mwenye kuitoa hakuchukua uangalifu unaostahili. Kwa hiyo ambaye kompyuta yake bado mpya na ilikwama kwa faili rasmi lililojileta lenyewe, asikimbilie fundi wa mtaani akafungua kifuniko. Aandike kwanza barua kwa muuzaji, aeleze tarehe na saa, na ahifadhi risiti.

Limebaki suala la kompyuta tunazozipeleka nyumbani. Kila mwaka makontena yanaondoka hapa kwenda Mombasa, Dar es Salaam na Unguja, na ndani yake mna kompyuta za mezani zilizotumika, zikiwa zawadi kwa skuli na kwa jamaa. Mpokeaji huiwasha, huiunganisha na mtandao, na kitu cha kwanza inachomletea ni rundo la matoleo mapya, bayosi ikiwa miongoni mwake. Nasi tunaijua hali ya umeme wa kwetu. Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima mwaka 2008, kisha miezi mitatu tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, kwa hitilafu za njia ya umeme itokayo Bara. Na usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 giza lilitanda karibu Kenya nzima. Hayo ni makubwa yaliyoandikwa magazetini. Kukatika kwa dakika kumi hakuandikwi popote, na dakika kumi zinatosha kabisa.

Ndiyo maana tunaona laptopu yenye betri nzima ni zawadi bora kwa nyumbani kuliko kompyuta ya mezani, hata ikiwa nyepesi zaidi wa nguvu. Umeme ukikatika betri huivusha mpaka mwisho wa kazi. Anayepeleka ya mezani ampelekee jamaa na kile kisanduku cha betri kiitwacho UPS, au aisasishe bayosi mwenyewe hapa kabla ya kufunga mzigo, kisha azime kusasishwa kwa bayosi kunakokuja kwa kupitia Windows, kama mtambo wake unaruhusu. Atie ndani ya kasha flashi ndogo yenye faili sahihi la bayosi lililokwisha kupewa jina linalotakiwa, na karatasi yenye jina kamili la madabodi pamoja na ile tarakimu ya toleo. Flashi ifungwe kwa utepe upande wa ndani wa kifuniko, ili isipotee bandarini.

Na aliye na kompyuta iliyonyamaza hapa jijini, asiitupe wala asiiuze. Ailete kwetu katika kikao cha mwezi, pamoja na chaja yake, na asimruhusu mtu yeyote kuisafisha diski kabla ya hapo.